Kufuli Zenye Vumbi

Mimi kazi yangu ilikuwa kunusa. Watu wakisikia "bibi afya" wanadhani ni mambo ya sindano na kupima watoto kwenye mizani. La, mimi nilikuwa wa kukagua majiko: hoteli, mikahawa, mabucha, mabohari ya vyakula. Nikiingia mahali, kabla sijaulizwa hali, pua yangu ishafika jikoni na imesharudi. Panya ana harufu yake. Ukuta ulionyonya maji una harufu yake, hata ukiupaka rangi juzi. Mwenye hoteli mmoja kule Matemwe aliwahi kuniambia, "Wewe bibi una mashetani." Nikamjibu mashetani wamo kwenye friji lako, hebu lifungue tuwaone. Nilipostaafu nikapewa kiinua mgongo changu, na hicho ndicho kilichonipeleka kwenye lile ghala la Mtoni.

Kiinua mgongo kile ndicho kilichokuwa changu cha mwisho. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, watoto wana watoto wao na mahangaiko yao. Nyumbani kwetu Kiponda nimebaki na mama yangu, mtu mzima sana, anayetaka dawa zake, chai yake ya mkandaa isiyotiwa maziwa na mtu wa kugombana naye. Pesa ile nikiitia mahali pabaya, sina nyingine, na sisi wawili tutaangalia watu mikononi. Kwa hiyo kila aliyekuja na shauri lake nilimtazama kwa jicho la ukaguzi. Mmoja akaniambia kuku wa mayai. Mwengine akaniambia nyumba ya wageni. Nyumba ya wageni! Mimi niliyezikagua zile nyumba maisha yangu yote, na najua kilicho chini ya magodoro yake? Siitaki hata ya kupewa.

Ndipo akaja dalali. Ni mtu wa makamo, jirani wa zamani, tumbo limetangulia mbele na maneno yametangulia mbele ya tumbo. Akakaa barzani, akajifuta jasho.

"Bibi Afya, nna kitu chako. Si nyumba, si duka. Ni vyumba vya kuwekea vitu."

Akanieleza. Ghala la zamani la mbata, zile nazi kavu, limekatwa vyumba ndani kwa matofali, kila chumba na mlango wake wa bati na kufuli yake. Mtu anakodi kwa mwezi, anatia vitu vyake, anafunga, anaondoka na ufunguo wake. Huhitaji mpishi, huhitaji mfua shuka, hakuna mgeni wa kukuamsha kwamba maji yamekatika. "Vitu havili, havilalamiki," akasema. "Vinakaa tu, vinakulipa."

Maneno yakaniingia, sikatai. Nikamwambia twende tukakitazame, lakini ajue mimi sinunui kwa masikio.

Ghala liko upande wa barabara ya Bububu, ukishayapita magofu ya kasri unaingia ndani kidogo. Nililipenda kabla sijashuka garini, na mkaguzi hatakiwi kupenda. Njia ya kuingilia ilikuwa pana, lori linageuka bila kugusa ukuta. Ardhi imeinuka, maana yake maji ya masika yatateremka kwendea baharini, hayatoingia ndani. Nikainama kutafuta ule mstari wa chumvi ambao maji huuacha ukutani, sikuuona. Mabati hayakuwa mapya lakini yalikuwa yamepigwa vizuri, misumari haijashika kutu. Dalali akanitazama ninavyozunguka akawa anacheka kimoyomoyo, anaona samaki keshameza.

Mlangoni nikapiga hodi. Sasa, sisi kwetu hodi tunaivuta. Mama ndiye aliyetufundisha tangu wadogo: "Hodiii wenyeweee," uikokote mwishoni, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kujisitiri. Na sote watatu, mama, mimi na marehemu mdogo wangu, sauti yetu ni moja. Kwenye simu watu walikuwa hawatupambanui. Shemeji yangu mwenyewe, siku zile akiwa mume wa mdogo wangu, alikuwa akinikosea kila mara, anaanza kuniita laazizi, mimi namwacha aendelee mpaka achoke, halafu namcheka.

Kisha akatoka mzee mwenye ghala. Ni Mhindi wa mjini hapa hapa, wa dini yetu, Kiunguja chake kimenyooka kuliko cha wengi wetu; babu yake ndiye aliyekuwa akinunua mbata humo. Hakusema karibu. Alisimama kwenye kizingiti akanitazama, mkono mmoja umeshika mlango.

"Karibu," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Nikasema moyoni, huyu ana kitu anaficha. Nshawaona wenye mikahawa wa namna ile, bibi afya akikanyaga tu mlango rangi zao zinageuka. Nikajiambia nitakitafuta mpaka nikione.

Akatutembeza. Vyumba vya mbele vilikuwa vya watu wa biashara. Mmoja ana hoteli pwani ya mashariki, msimu wa mvua anapofunga analeta magodoro na miavuli. Mwengine amekwenda Maskati, ameacha jiko na friji. Mwengine nyumba yake Shangani inatengenezwa, na fundi wa Mji Mkongwe akishaivua nyumba dari, vitu vyako utavikumbatia mpaka lini? Yote hayo mazuri. Nikauliza maswali yangu: nani anakuja mara ngapi, nani anachelewa, mtu akipotea inakuwaje. Mzee alijibu yote isipokuwa hilo la mwisho, akajifanya anatafuta miwani.

"Na huku nyuma?" nikauliza, maana safu nzima ya nyuma alikuwa anaipita upesi.

"Huku vya wanawake."

"Wanawake gani?"

"Walioachwa, dada."

Nani wa kwetu asiyejua mambo haya? Mtoto wa kike akiolewa anaingia na chumba chake, kwa mahari yake na nguvu za wazee wake: kitanda, kabati, meza ya kioo, makochi wakijaaliwa. Akipewa talaka, vyombo ni vyake. Lakini avipeleke wapi? Kwao nyumba ni vyumba viwili, kaka ameoa, watoto wanalala ukumbini, na kitanda cha siku hizi kikubwa hata ngazi zetu hakipandi. Basi kinalala ghalani, kinangojea mume mwengine.

Dalali akapiga makofi. "Unaona, Bibi Afya? Biashara hii haifi. Talaka hazikatiki!"

Nikamgeukia, nikamkazia macho. Akakumbuka anazungumza na nani, akatazama viatu vyake.

Mdogo wangu alipewa talaka moja. Kwa upuuzi tu, maneno ya mama mkwe na hasira za mtu mwenye njaa, jambo ambalo wazee wakikaa jioni moja linakwisha. Alirudi Kiponda na begi la nguo. Mama akamuuliza, "Na vyombo?" Akasema, "Viko kwake." Basi mama akawaka. Kwa mama, vyombo vikisharudi kwa wazee ndiyo basi tena, nikaha imekufa, hakuna wa kumrejea mwenzake. Lakini visiporudi ni dharau, mtu amekuacha na vyako anavilalia. Alituma watu mara ya kwanza, mara ya pili. Shemeji akawajibu kwamba yeye hana vyombo vya mtu, chumba kimebaki kuta tupu. Mama akamwita mwizi mbele ya mtaa mzima. Mdogo wangu alikuwa akiyasikia yote hayo huku anakaanga udi wake wa sukari jikoni, hasemi neno. Eda ikapita na shemeji hakuja.

Halafu presha ikamchukua mdogo wangu, asubuhi moja, chai yake iko mezani haijapoa. Hakuugua, hakuaga. Shemeji alikuja mazikoni akasimama mbali na watu, na hakuna aliyemwita asogee.

Tangu hapo, kila Ijumaa akitoka msikitini anapita uchochoro wetu. Mama anakaa dirishani, ndani ya nondo, na yule bwana akifika chini ya dirisha anatoa salamu. Mama anageuza uso. Haitikii. Mama yangu huyu, asiyeacha sunna hata moja, haitikii salamu ya Mwislamu mwenzake! Nilimwambia, mama, salamu ni haki yake. Akanijibu, "Na vyombo vilikuwa haki ya nani?" Nikaacha. Miaka ikapita hivyo hivyo, Ijumaa kwa Ijumaa.

Turudi Mtoni. Siku ya pili nilikwenda peke yangu, bila taarifa, maana siku uliyoalikwa si siku ya kukagua. Nikachagua adhuhuri. Ghala la bati lazima uliingie jua likiwa utosini, ndipo linapokuambia ukweli wake. Mzee hakufurahi kuniona, lakini akanifungulia, akabaki kwenye meza yake mbele na tasbihi mkononi.

Nilipita vyumba nikagonga kuta, nikaangalia pembeni kama mchwa wamepanda, nikanusa mianya ya milango. Hakuna panya. Hakuna unyevu. Bati lilikuwa linatoa sauti juu, tik, tik, kwa joto. Nikafika safu ya nyuma, nikaona kitu ambacho siku ya kwanza sikukiona kwa kuharakishwa. Kufuli za mbele zilikuwa zinang'aa kwa kushikwashikwa. Za nyuma, nyingi zilikuwa na vumbi, buibui amefunga uzi kutoka kufuli mpaka kitasa. Dalali alinisifia kwamba ghala limejaa, hakuna chumba kitupu. Kweli limejaa. Lakini chumba kilichojaa na mwenyewe anakuja, na chumba kilichojaa na mwenyewe haji, ni vitu viwili mbalimbali.

Nilikuwa nimesimama nawaza hilo, ndipo nikaisikia harufu.

Udi. Na wala haukuwa udi wa dukani. Ulikuwa udi wa kukaanga wa nyumbani, na kila mwanamke wa hapa ana mkono wake katika udi. Mdogo wangu alikuwa anaiacha sukari iungue kidogo kuliko inavyotakiwa, halafu anatia marashi mengi na karafuu kidogo mwishoni, kitu ambacho mama alikuwa akimgombeza kila siku, nani anatia karafuu kwenye udi wa sukari? Hapana mwengine. Ulikuwa ni ule ule, katikati ya adhuhuri, ndani ya ghala la watu, naye amelala makaburini Mwanakwerekwe.

Nikasema A'udhu billahi. Nikatazama chini kama kuna majivu, kama kuna chetezo, hakuna. Miaka yote ile nimewafundisha wakaguzi vijana maneno yale yale: harufu haina miujiza, harufu ina chanzo, ifuate mpaka uikute. Siku ile mimi mwenyewe sikuifuata. Niligeuka nikatoka mbio, baibui likanasa kwenye kufuli moja likachanika, sikusimama hata kulichomoa vizuri. Nilimpita mzee mlangoni bila kuaga. Alininyanyukia, alitaka kusema kitu, nikawa nshafika barabarani.

Harufu ikanifuata Kiponda. Nikifungua sanduku la khanga, ipo. Nikimimina chai, ipo. Mama akanitazama siku ya tatu akaniuliza, "Una nini wewe, umekanyaga jini?" Nikamwambia pua zimeziba. Sijawahi kuogopa mahali maishani mwangu, nimeingia machinjio usiku wa mkesha wa Idi peke yangu, na sasa naogopa mlango wa bati wa Mtoni. Niliona haya na nafsi yangu.

Dalali akapiga simu. "Bibi Afya, amua. Mzee ana haraka, anataka mambo yaishe kabla ya safari yake."

"Safari gani?"

"Ya hija. Mwaka huu kajaaliwa."

Pale pale nikaona kitu kizima. Kumbe! Mtu anayekwenda hija anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, analipa madeni yake, na anarudisha amana zote za watu zilizo mikononi mwake. Na yule mzee ana safu nzima ya vitanda vya watu wasiokuja. Hawezi kuviuza, si vyake. Hawezi kuvitupa. Hawezi kuvirudisha, hajui kwa nani. Basi ameona auze ghala na vilivyomo, mzigo umhamie mnunuzi, yeye aende Makka mwepesi. Na mnunuzi aliyemwona anafaa ni mimi, mjane na kiinua mgongo chake! Uoga wote ukanitoka kwa hasira. Nikavaa baibui lililochanika hivyo hivyo, nikaenda.

"Hodiii wenyeweee!" niliipiga kwa nguvu siku hiyo.

Akatoka. Na safari hii pia alibadilika uso.

"Mzee wangu," nikamwambia, hata sikukaa, "ghala lako zuri. Paa zuri, sakafu nzuri, njia nzuri, na usinione mjinga. Wale wenye vyumba vya nyuma wako wapi?"

Hakujitetea. Akakaa kwenye kiti chake, akaweka tasbihi mezani.

"Wengine wameolewa mbali wakaona haya kuja kuchukua. Wengine wamekufa, nadhani. Simu hazipokelewi. Nyumba nilizoelekezwa zimeuzwa."

"Na unataka amana zao zinikae mimi shingoni."

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo nilivyotaka."

Khaa! Nilikuja na maneno ya kumpiga nayo mpaka Alasiri, akanivunja nguvu kwa neno moja. Nikavuta kiti nikakaa.

"Lakini dada," akaendelea, "kuna moja ambayo imeninyima usingizi tangu siku uliyokuja. Niliogopa kukuuliza. Ukikosea kumuuliza mtu jambo hili unamtia msiba bure."

"Uliza."

"Hodi yako hii. Umeitoa wapi?"

Nikasogeza kiti karibu naye.

"Alikuwepo mwanamke," akasema. "Akija kila Alhamisi, baada ya Alasiri. Anapiga hodi hivyo hivyo, ndefu, hivyo hivyo unavyopiga wewe. Siku za mwanzo alikuja na chetezo chenye makaa, tukagombana, nikamwambia humu moto mwiko, utatuchoma sote. Ndipo akawa anakuja na udi tu kwenye mkebe, hauwashi. Anaufungua, anakaa kitandani, anakaa weee, halafu anafunga anakwenda zake. Nilimuuliza siku moja, mama, kwa nini huvipeleki kwenu vyombo hivi? Akaniambia, nikivipeleka kwetu ndiyo basi tena. Na nikivirudisha kwake bila kuitwa, nitakuwa sina haya. Acha vikae hapa katikati. Atakuja tu kunichukua."

Mzee akavua miwani.

"Halafu akaacha kuja. Wewe ulipopiga hodi siku ile ya kwanza, Wallahi nilidhani ni yeye. Nilipokuona si yeye, nikadhani ni malaika wa kuja kuniuliza amana yake nimeifanya nini."

Basi miye ndiye niliyemtisha mzee wa watu. Mimi nakimbia harufu ya mdogo wangu, na yeye anakimbia sauti yangu.

Tulikwenda nyuma. Ufunguo alikuwa nao mdogo wangu na sikuwahi kuuona katika vitu vyake. Mzee hakuwahi kuivunja ile kufuli miaka yote, kwa sababu amana haivunjwi. Alinitazama kwanza, mimi ndiye ndugu wa marehemu, nikaitikia kwa kichwa. Akaikata kwa msumeno wa chuma. Vumbi lilimwagika chini. Ilikuwa ndiyo ile kufuli iliyonichania baibui, uzi mweusi bado unaning'inia.

Nilitarajia kuona vitu vimerundikwa, mbao zimeegemezwa ukutani. Wapi! Alikuwa amekipanga chumba. Kitanda kimeungwa, kimetandikwa shuka la maua, mito miwili imewekwa sawasawa. Meza ya kioo imefunikwa khanga. Juu ya meza, mkebe wa udi, kifuniko hakikufunga vizuri, sukari imeyeyuka kwa joto la bati ikachuruzika mpaka ukingoni. Ndicho chanzo chake. Niliuona, nikaugusa kwa kidole, nikanusa kidole, karafuu na yote.

Nikakaa kitandani nikalia. Sioni haya kusema, nililia mpaka mzee akaenda kusimama nje.

Halafu nikakasirika. "Mwongo mkubwa wewe!" nikasema kwa sauti, nakiambia kile kitanda. "Umemwacha mwenzako aitwe mwizi mbele ya watu! Umetukosesha kuitikia salamu!" Sauti ikagonga bati ikanirudia, na ilivyorudi haikuwa yangu, ilikuwa yake, inanigombeza mimi. Nikanyamaza upesi. Nilielewa vizuri alichokifanya. Mama akiendelea kudai vyombo, watu wataendelea kwenda kwa yule bwana, jina lake litaendelea kutajwa kule, na kesi ikiwa wazi mlango nao uko wazi. Alikuwa anampenda, masikini. Kati yetu sote hakuna aliyemuuliza hilo, tulikuwa tunauliza makabati.

Mzee akaniomba radhi, kwa niaba yake mwenyewe na kwa amana aliyoshindwa kuifikisha. Nikampa radhi, yangu na ya mwenzangu. Ghala sikulinunua. Jengo halina kasoro, niliandika hivyo kichwani na nasimama nalo mpaka leo, lakini mimi siwezi kula kwa kitanda cha mtu anayengojea. Tukapatana kwamba nitamsaidia kuwatafuta wale wengine kabla hajasafiri. Kuingia nyumba za watu na kuuliza maswali mabaya, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Chumba cha mdogo wangu nikakitia kufuli mpya, nikaondoka na ufunguo.

Nilipofika Kiponda mama alikuwa dirishani, mgongo kwangu. Nikatoa salamu. Akageuka taratibu, akanusa.

"Umetoka naye wapi?" akaniuliza.

Harufu ilikuwa imekamata baibui lote. Nilikaa chini, miguuni kwake, nikamweleza tangu mwanzo: mzee, Alhamisi, mito miwili. Nilidhani atalia au atanikanya nisimsingizie maiti. Alisikiliza tu, akawa anakunja pembe ya mtandio wake na kuikunjua. Nikamuuliza nivilete lini, maana alividai miaka yote.

"Viache huko huko," akasema. "Vikifika hapa ndiyo basi tena."

Ijumaa ile nilikuwa jikoni ninachambua mchele niliposikia watu wanarudi kutoka msikitini. Nikasikia viatu vya shemeji, nishavijua. Vikafika chini ya dirisha.

"Assalamu alaykum," akasema, bila kusimama, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuusalimia ukuta.

Mama akasogeza uso kwenye nondo.

"Waalaykumu salaaam," akaitikia, akaikokota mwishoni, kwa ile sauti yetu. "Karibuuu."

Viatu vikasimama. Nikaacha ungo nikaenda kuchungulia nyuma ya bega la mama. Alikuwa amesimama katikati ya uchochoro, watu wanampita huku na huku. Kofia ameivua ameishika mkononi. Hakuinua kichwa kutazama juu, nadhani hakuthubutu.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi mama yake, mwanangu," mama akasema. "Panda juu."